Mkoba Mwekundu Ukutani kwa Mawakili

Nyinyi mabinti wawili mliochukua mahali pangu penye pazia, haya nimewaandikia nyinyi. Mawakili wakitaka kusikiliza na wasikilize, masikio ni yao. Nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi za chuoni, na chuo chenyewe nilikiacha juzuu ya tatu mama aliponitoa nikalee wadogo zangu. Basi msinicheke mwandiko. Atakayewasomea ni mjukuu wangu Mwanaidi, ambaye hati yake inawashinda makarani wote wa Bagamoyo, na hilo nitalisema mpaka nife. Nimemkataza kurekebisha hata nukta.

Nilipoingia nyumba ya mawakili sikuwa kigori. Nilikuwa mjane, na Mwanaidi huyu huyu ndiyo kwanza anaanza alifu. Waliniita kwa sababu mama mmoja waliyekuwa naye, Bi Mwanamvua, alikuwa amezeeka, akitafuta mwanamke mwingine wa kupokea maneno ya wanawake. Mnaijua kazi hiyo. Kuna wanawake hawatoki nje, kuna walio edani, kuna wanaoona haya kusema mbele ya wanaume. Wote wana kesi zao. Basi huenda mwanamke mwenzao akaketi mlangoni, akasikiliza, akaandika, akawaletea mawakili. Na siku ya baraza huketi nao nyuma ya pazia, kadhi akiuliza anasema nini huyo, yeye ndiye anayejibu.

Siku ya kwanza nilimkuta Bi Mwanamvua ameketi kizingitini anatafuna tambuu. Alikuwa na meno mawili na masikio kumi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Kidogo."

"Unajua kunyamaza?"

"Najua sana."

"Mwongo. Nimekusikia tangu kule kona unamtukana muuza samaki. Ingia."

Akanipa ubao wa chuoni, kalamu ya tete na kidau cha wino wa masizi ambao ulinuka kama jiko lililozimwa kwa maji machafu. Akaniambia utaratibu, na nyinyi nimewaambia huo huo: unaandika kwanza kwenye ubao, kama mtu alivyosema. Unamsomea. Akisema siyo, unafuta, unaandika tena. Akisema ndiyo, hapo tu ndipo unanakili kwenye karatasi. "Neno ni la mwenyewe," aliniambia. "Wewe kikombe tu. Ukianza kutia sukari yako, nitakuvunja."

Kisha akanionyesha ukuta. Ile mikoba ya ukili mnayoiona imetundikwa ukumbini ilikuwapo tangu zamani, saba, kila mmoja na rangi yake, kwa sababu mawakili walikuwa saba na kila mmoja na kesi zake. Karatasi ukishaandika unaitia mkoba wa mwenyewe. Kosea mkoba, umekosea kesi.

Niwataje baadhi ya hao mawakili, maana nyinyi mmewakuta wamekwisha kuwa watu wakubwa, hamjui walikotoka. Mwenye mkoba mweusi, wa mashamba na mipaka, alikuwa mgema. Ndiyo, mgema wa tembo! Miaka yote alipanda minazi ya watu, akaitazama mipaka yote kutoka juu, na alipotubu akaona haramu kuipoteza elimu ile. Ukimtajia shamba lolote hufumba macho, akakwambia mnazi wa tatu umepinda upande gani. Mwenye mkoba wa manjano, wa wapagazi na safari za bara, alikuwa kirangozi wa misafara. Anajua Kinyamwezi kama alizaliwa Tabora, na mpaka leo akizungumza na mtu aliye mbele yake hupaza sauti utadhani mtu huyo yuko mwisho wa msafara. Wa forodhani alikuwa karani wa jahazi, hajapata kutapika baharini, na hilo hulitaja katika kila kesi.

Mkoba wa kijani ni wa mirathi, wa Mzee Shee. Yeye ndiye aliyesoma hasa. Alisoma Barawa kwa masheikh, akajua mafungu ya warithi kama mtu anavyojua vidole vyake. Mtu mpole, anayeuliza neno moja tu, kisha anakutazama.

Na mkoba mwekundu ni wa Bwana Athumani, wa ndoa na talaka. Huyu alikuwa muuza nguo pale Dunda, akizungusha nguo mlango kwa mlango, na kwa njia hiyo akazijua nyumba zote zilizo na ugomvi. Elimu ya talaka nyingine aliipata nyumbani kwake, maana ameacha wake watano.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya bibi mmoja aliyesema, "Shamba langu limeliwa." Nikaandika hivyo. Yule mgema akasimama papo hapo kumshitaki shemeji yake bibi, ambaye wote tulimjua ni mlaji wa mali za watu. Bi Mwanamvua akanitazama.

"Limeliwa na nani?"

"Na shemeji yake, nani mwingine?"

"Amesema yeye, au umesema wewe?"

Akanirudisha mlangoni, jua la saa sita. Nikamuuliza bibi. Akasema, "Na nguruwe, mwanangu! Hili boma limeanguka, shemeji hataki kunisaidia kulijenga." Mawakili walicheka siku tatu. Bi Mwanamvua hakucheka. Aliniambia, "Leo ni nguruwe. Siku nyingine itakuwa mtu."

Alifariki mwaka wa pili wa kazi yangu. Nikabaki peke yangu penye pazia, na sikuharibu. Nasema bila haya, nilikuwa hodari. Wanawake wa Bagamoyo wakawa wanasema, "Aje Bi Zaituni, yule hakosei neno." Nami nikaanza kuyaamini hayo, na hapo ndipo pa kuogopa.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu imenikalia mkononi siku nne.

Palikuwa na mtu akiitwa Bwana Hamadi, mwenye nyumba ya mawe upande wa pwani. Nyumbani kwake alikuwako mjakazi, Faida, aliyenunuliwa mtoto mdogo kutoka bara. Bwana Hamadi alikwenda safari ya bara, akafa huko kwa homa. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na ndugu mmoja, naye habari za msiba zilipofika tu, alianza kumwambia Faida ahame. Faida akapeleka mtu kwa mawakili: aje mwanamke apokee maneno yake, yeye yuko edani hawezi kutoka.

Mimi nikaguna. Eda gani? Mjini watu walikuwa wakisema, na mimi nikisema nao, kwamba Hamadi amekwisha kumwacha yule mjakazi wake, aliyekuwa akikaa naye kama mke, kabla hajasafiri. Nani alianza kusema sijui. Ulikuwa uvumi wa kisimani.

Nilikwenda asubuhi ya Alhamisi. Na siku ile palikuwa na harusi Dunda, ya mtoto wa shoga yangu, mimi ndimi niliyepewa kuongoza nyimbo. Nguo zangu zilikuwa zimefukizwa udi tangu jana. Nawaambia hili ili mjue akili yangu ilikuwa wapi.

Nikamkuta Faida ameketi mkekani, amevaa nguo za eda, amejifunika mpaka machoni. Mimi moyoni: tazama, na mjane naye! Nikakaa mlangoni, nikatoa ubao.

"Haya, sema."

"Bwana amekufa huko bara. Nataka haki yangu. Ndugu yake ananitoa nyumbani."

"Haki yako ipi?"

"Bwana aliniacha, Bi. Mwezi wa Mfungo Mosi, mbele ya mwalimu wa msikitini na yule fundi mshona kofia. Ndipo mambo mengine yakafuata."

Nikaona nimemshika. Amekiri kwa kinywa chake kwamba ameachwa, na nguo za eda amezivaa! Angalau apate kile apatacho mwanamke aliyeachwa, nguo zake na masalio ya mahari yake, aende. Hata huruma nilijiona ninayo. Sikumuuliza mambo yaliyofuata ni yapi. Sikumsomea ubao. Kwa kweli ubao sikuuandika, niliandika moja kwa moja kwenye karatasi, magotini, kwa haraka: Faida asema aliachwa na Hamadi kwa talaka, mwezi wa Mfungo Mosi, mbele ya mashahidi wawili.

Kwa talaka. Neno hilo hakulisema yeye. Nililitia mimi.

Nikapita kwa mawakili, nikaitia karatasi katika mkoba mwekundu, nikaenda harusini. Niliimba vizuri.

Siku ya baraza kadhi alimpa Faida ruhusa atoke, maana nyumba aliyokaa ndiyo yenye kesi. Tukaketi wawili nyuma ya pazia la merikani. Alikuwa ametulia. Nadhani alikuwa na tumaini, maana alininong'oneza, "Wakili wangu mzuri?" Nikamwambia, "Mzuri." Bwana Athumani akasimama na karatasi yangu. Akasema kwamba mwanamke huyu aliachwa kwa talaka mwezi wa Mfungo Mosi, na kwamba anaomba apewe vitu vyake na haki za mwanamke aliyeachwa.

Upande wa pili, yule ndugu wa Hamadi alikaribia kucheka. Akasema, "Bwana kadhi, sina la kujibu. Wakili wake mwenyewe amekiri. Aliyeachwa harithi."

Faida akashika kifundo cha mkono wangu. Kucha zake ziliingia. Akaninong'oneza huku akilia:

"Siyo! Siyo hivyo, Bi! Aliniacha huru! Aliniacha huru, halafu akanioa, siku ile ile, mwalimu ndiye aliyetuoza! Waambie!"

Nilisikia. Nilielewa yote mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Alimwacha huru, akamwoa. Alikuwa mke. Fungu lake lilikuwa robo, na nafasi ya kukaa mle ndani mpaka mwisho wa eda, na jina la mjane.

Kadhi akauliza, "Huyo nyuma ya pazia anasema nini?"

Anayejibu ni mimi. Ndiyo kazi. Nikaona watu wote wa baraza wanageukia pazia, na Bwana Athumani, na Mzee Shee ameketi pembeni na tasbihi yake. Nikaona itabidi niseme: mimi Bi Zaituni nisiyekosea, nimekosea, na si kwa kutosikia vizuri, bali kwa dharau na haraka ya kwenda ngomani.

Nikasema, "Analia tu, Bwana kadhi."

Kadhi akahukumu. Yule ndugu wa Hamadi alikuja mpaka penye pazia, akasema watu wakisikia, "Zivue hizo nguo za eda. Wewe si mjane wa mtu." Faida alitoka pale amejifunga leso ya kuazima.

Jioni Mzee Shee aliniita. Aliuliza swali moja, kama kawaida yake.

"Zaituni, lile neno talaka, alilisema yeye?"

"Alilisema, Mzee."

Akanitazama, kisha akasema, "Vema." Hakuniuliza tena miaka sita.

Mtaniuliza kwa nini sikurudi kesho yake nikasema. Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku ya pili iwe nzito zaidi. Na nilikuwa na visingizio. Mwalimu wa msikitini alikuwa amekufa. Fundi wa kofia alikuwa amehamia Unguja. Nikajiambia hata nikisema, shahidi hakuna. Nikawa hodari zaidi kazini. Tangu siku ile sikuacha kusoma ubao, mara tatu, mara nne, mpaka wanawake wakichoka, "Basi, Bi Zaituni, ndivyo nilivyosema!" Nanyi mlinisifu kwa hilo. Kumbe mlikuwa mnasifu woga wangu.

Kisha mambo ya mji yakabadilika. Mizinga ililia, nyumba upande wa pwani zikaporomoka, Wadachi wakaweka bendera yao, na macho yangu yakaanza kuona herufi mbili penye moja. Nikasema nipumzike. Mkanifanyia karamu, mkanipa leso nzuri, na Bwana Athumani akasimama, akasema, "Mama huyu, miaka yote aliyokaa penye pazia, hakukosea neno hata moja." Mkapiga vigelegele. Nilitazama ukutani, mkoba mwekundu ulikuwa pale pale, ukili wake umekatika pembeni.

Wiki ile ile nilimwambia Mwanaidi tukodi punda twende Mapinga, maana nilikuwa nimesikia Faida yuko huko, analima.

Tulifika alasiri. Alikuwa ameketi nje ya kibanda anamenya muhogo. Sasa ni mwanamke mnene kidogo, ana mvi mbele.

"Hodi," nikasema.

Hakuinua kichwa. "Karibu. Sauti hiyo naijua. Wewe ndiye uliyesema nalia."

Mwanaidi akanitazama. Nilikuwa sijamwambia kitu.

Nikaketi chini, mchangani, na leso yangu mpya. Nikataka kuanza na salamu, na habari za siku nyingi, akanikata.

"Sikukulaumu wewe," akasema. "Kweli nilikuwa nalia. Nilijilaumu mimi. Nilisema moyoni, Faida, Kiswahili chako umekipata kwa kununuliwa, ndiyo maana hakikutosha siku ya haja. Ningekuwa najua kusema kama waungwana, wangenielewa. Tangu siku ile mtu akiniuliza jambo la maana, namwita jirani anisemee."

Nawaambieni, mabinti, nimezika mume na watoto wawili, lakini sijapata kusikia maneno mazito kama hayo. Miaka sita mtu amejinyima ulimi wake kwa ajili ya neno langu.

"Kiswahili chako kilitosha," nikamwambia. "Ulisema 'aliniacha' tu. Neno talaka nililitia mimi. Sikukusomea ubao. Nilikuwa nakwenda harusini."

Aliendelea kumenya. Alimaliza muhogo mmoja, akashika mwingine.

"Harusi ya nani?"

Nikamtajia.

"Bado wamo?"

"Waliachana."

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Kisha akaweka kisu chini. "Mimi sikusema huru siku ile mlangoni kwa sababu sikujua kama lazima lisemwe. Aliyekuwa mjakazi, Bi, ukimwambia bwana amemwacha, anajua maana yake ya kwanza ni nini. Ni nyinyi waungwana ndio mnaoachwa kwa talaka tu."

Nikamuuliza anataka nini. Nikamwambia nitakwenda kwa Mzee Shee, tuone kama kesi ya nyumba yaweza kufunguliwa.

"Nyumba gani? Si imeporomoka na mizinga? Sitaki kifusi." Akajifuta mikono. "Nilivuliwa nguo za eda mbele ya watu. Mbele ya watu nirudishiwe, kwamba nilikuwa mke. Kasemee pale pale, kwa wale wale."

"Wanaume wote wale?"

"Mbona uliweza kusema nalia?"

Basi ndiyo haya ninayasema, pale pale barazani, kwa kinywa cha Mwanaidi. Mzee Shee, uliniuliza, nikakudanganya. Bwana Athumani, ulisimama barazani ukakiri jambo la uongo, ukidhani ni kweli, na mkono ulioandika ulikuwa wangu. Leso mliyonipa nimempa Mwanaidi airudishe, iko hapo mezani, mtampa anayestahili. Mabinti, mimi sikuwa kikombe.

Na kule nyuma ya pazia Mwanaidi anaposoma, mtu ameketi. Amekuja kwa punda kutoka Mapinga, na jirani wa kumsemea hakuja naye. Tokeni mkachukue ubao. Mwulizeni Mfungo Mosi ule aliachwa vipi, na nani, na siku ile ile yakafuata nini. Mwandikeni kama asemavyo. Msomeeni mpaka aseme ndiyo. Karatasi yake itieni mkoba wa kijani.

Akilia, mngojeni. Bado ana neno.